Kitovu Kilichomezwa na Ukuta

Wewe ninayekuandikia nakuhesabu kama rafiki wa karibu, maana haya sijayasema hata kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani. Usipoamini sitakulaumu. Ningesimuliwa mimi na mtu mwingine, ningesema huyo alikuwa na homa. Lakini sikuwa na homa, wala sikuota. Ilikuwa mchana kweupe, na ungo wangu nimeushika kwa mikono yangu miwili.

Ilikuwa masika, muda si mrefu baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Mume wangu, Baba Tumaini, ni mwashi, na alikuwa anamjengea nyumba mzungu mmoja pale Kibaha, mtaalamu wa mitambo kiwandani. Nyumba ilikuwa karibu kwisha. Mzungu mwenyewe alikuwa Dar anamsubiri mkewe, akatuomba tukae humo tulinde vifaa. Sisi kwetu ni Maneromango, na barabara ya kwetu masika unaijua ilivyo, hata lori halipiti. Basi binti yetu Tumaini alipojifungua hospitali, na mumewe yuko jeshini mbali, hatukuwa na pa kumpeleka ila humo humo, kwenye chumba cha nyuma. Sakafu yake ilikuwa imemwagwa zege nusu, upande wa mlangoni bado udongo.

Mtoto wa kiume. Tukampa jina la baba mkwe wangu, Mika. Mimi nikawa namwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kiume. Namwambia, "Mume wangu, amka, mkeo nimekuja." Anafumbua jicho moja, ananitazama, analifunga. Tumaini anacheka, anasema, "Mama, amekukataa, anasema umezeeka."

Sasa nikueleze habari ya ile nyumba. Yule mzungu alileta kutoka kwao mtambo wa kunyonya vumbi. Si ule wa kuburuta. Huu ulikaa ndani ya nyumba yenyewe. Baba Tumaini alipitisha mabomba ya plastiki ndani ya kuta, kila chumba kikawa na tundu lenye kifuniko. Ukichomeka mpira mrefu kwenye tundu, mota inaanza kuunguruma huko stoo nyuma, na vumbi linapita ukutani mpaka kwenye pipa la bati. Mume wangu aliupenda mtambo ule kama mtoto. Akipita anagonga ukuta, anasema, "Mama Tumaini, nyumba hii ina koo."

Na kwetu, wewe kama ni mtu wa Kisarawe unalijua hili. Chumba chenye mtoto mchanga taka zake hazitupwi nje. Unafagia, unakusanya nyuma ya mlango, zinakaa hapo mpaka kitovu kikauke kianguke. Kikianguka, mama anakiokota, kinapelekwa nyumbani kuzikwa, juu yake unapandwa mnazi. Huko ndiko kwenu maisha yako yote. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa Maneromango, na katika hilo sijawahi kuona dhambi. Mchungaji wetu mwenyewe kitovu chake kina mnazi.

Sasa zile taka nyuma ya mlango zilikuwa zimejaa. Udongo, unga wa saruji, nyuzi za khanga. Mtoto akawa anapiga chafya. Baba Tumaini akaingia na mpira wake.

Nikamwambia, "Baba Tumaini, hizo hazitoki."

Akasema, "Nani kakwambia zinatoka? Pipa liko wapi? Si chini ya bati hili hili? Zinahama chumba tu."

Tumaini akasema, "Mwache baba, anatafuta sababu ya kuchezea mashine yake."

Nikafikiri. Nikaona ni kweli, pipa liko ndani ya nyumba, hakuna kilichotupwa nje. Hata ungekuwa wewe, ungesema nini? Akachomeka, ukuta ukaunguruma, ile chungu ya taka ikayeyuka mbele ya macho yetu. Mume wangu akatuinamia kama mtu aliyeshangiliwa, akaurudisha mpira stoo, akaenda zake barabarani kungoja lori la vigae.

Haukupita muda, Tumaini akamfungua mtoto amwogeshe. Akaniita kwa sauti ndogo. "Mama, kitovu hakipo."

Tukakung'uta nepi, tukakung'uta godoro, tukapapasa sakafu yote. Hakuna. Kilikuwa kimeanguka tangu asubuhi, kikafagiwa pamoja na nyuzi za khanga ya kitandani. Nikamwambia, "Funga mlango, mshike mwanao, usilale." Nikachukua ungo nikaenda stoo.

Stoo ile ilikuwa na mlango mmoja, dirisha halina. Nikaketi chini, mgongo wangu nimeuegemeza kwenye ule mlango, maana sikutaka mtu aje anione nikipepeta taka kama kichaa. Mwanga unaingia chini ya bati. Nikafungua pipa, nikateka vumbi, nikapepeta. Nateka, napepeta, naomba Mungu. Sijui nilipepeta kiasi gani. Kuinua macho, naona mikono minne kwenye ungo.

Niamini. Mikono minne.

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, amekaa mbele yangu, mikono yake myeupe kwa vumbi mpaka viwikoni. Na mlango bado nimeuegemea mimi. Akanisalimu kwa Kizaramo, kile cha bibi zetu, nikajikuta nimeitikia. Mdomo uliitikia wenyewe.

Akaniuliza, "Unatafuta nini, mwenzangu?"

"Kitovu cha mjukuu wangu."

"Mimi natafuta cha mwanangu."

Nikamwuliza mwanawe yuko wapi, unajua mtu akishikwa na hofu anauliza tu. Akasema, "Hapa. Hicho chumba chenu cha nyuma ndicho kilikuwa changu. Mtoto alikufa kitovu hakijaanguka vizuri, nikamlaza ardhini, chini ya ukuta, kitovu nikakifukia mlangoni, nikasema nitamhamisha mvua zikiisha. Lori likaja kabla. Wakasema kila mtu apakie mali yake. Nikawaambia nina mtoto hapa. Wakaniuliza, yuko wapi, mbona hatumwoni?"

Hakulia. Alisema kama mtu anayesimulia bei ya mihogo. Huku anapepeta vizuri, bora kuliko mimi, vumbi halimrukii.

Halafu vikatokea viwili. Katikati ya ungo, viwili, vimekaa karibu karibu, vyeusi, vikavu, kama vipande vya tangawizi. Utasema kile kilichokaa ardhini kingekuwa kimeoza. Mimi pia ningesema hivyo. Havikuwa na tofauti. Uzi wa hospitali uliofungia cha Mika ulikuwa umekatikia humo bombani. Nilivigeuza kwa kidole, na yeye akavigeuza, tukatazamana, na nikaona kwamba hata yeye hajui.

Akasema, "Chagua wewe kwanza. Wako anapumua."

Nikamwambia, "Wewe ndiye mzazi, utakijua cha mwanao."

"Ningekijua tusingekuwa tunatazamana."

Nikasali Baba Yetu, yote, mpaka mwisho. Yeye akainamisha kichwa kwa adabu, akangoja. Nikanyoosha mkono, nikachukua kimoja. Nikakifunga kwenye pindo la khanga. Akachukua kilichobaki, akakipeleka puani, akakinusa. Akaniangalia. Akafungua mdomo kama anataka kuniambia kitu, kisha akaufunga.

Mota ikaanza kuunguruma, na mpira nilikuwa nao mimi humo stoo, umekunjwa, haujachomekwa popote. Nilifumba macho kwa ajili ya vumbi, nilipofumbua hayupo. Ila nilimsikia. Ndani ya bomba, ukutani, kitu kizito kinapita taratibu. Na hakikuwa kinakuja kwenye pipa. Kilikuwa kinakwenda kule kwenye vyumba.

Nilikimbia. Nikamkuta Tumaini amekaa kitandani, mtoto kifuani, macho ya mtoto yako wazi yote mawili, anatazama lile tundu la ukutani. Kifuniko kilikuwa kimefungwa. Tumaini akaniambia, "Mama, ameacha kunyonya. Amegeuza shingo tu, ameacha."

Baadaye nikauliza watu wa upande wa Mlandizi, wale waliohamishwa. Wakaniambia ndiyo, pale palikuwa na mji wa watu, na mama wa pale alifia kijijini alikohamishiwa kabla hajavuna hata mara moja. Hawakujua kama alikuwa na mtoto.

Mvua zilipoisha tulirudi Maneromango na kile nilichokichukua, tukakizika kama inavyotakiwa. Mika akanyonya maziwa ya kopo, akanenepa, akatembea. Hakuwahi kuugua. Watu wananipongeza, wanasema mjukuu wako ana afya. Nami nafanya nini? Naitikia asante.

Lakini hamtazami mama yake. Tangu siku ile hajamtazama Tumaini usoni. Mtandikie kitanda, asubuhi utamkuta amelala chini, kwenye udongo, ubavu wake umegusa ukuta. Alipoanza kusema, neno mama hakumwita Tumaini, wala mimi. Aliuambia ukuta wa jikoni, kwa upole, na akangoja jibu. Akipotea tunajua pa kumtafuta, watu wa Mzenga wameshamrudisha zaidi ya mara moja, anatembea peke yake na njia ya kwenda Kibaha. Ukimwuliza unakwenda wapi, anasema, "Nyumbani." Ukimwambia nyumbani ni hapa, anakutikisia kichwa kwa huruma, kama wewe ndiye mtoto.

Tumaini alivumilia, kisha akaniambia, "Mama, huyu si wangu. Wangu mmemwacha kule chini." Akamfuata mumewe jeshini. Hajazaa tena, hataki. Baba Tumaini hajashika mwiko wa uashi tangu hapo. Mzungu alihamia, akakaa, akarudi kwao, na mtambo ukaharibika, matundu wakayaziba kwa saruji. Nilipopata habari hiyo nililia siku nzima, maana niliwaza, kama wetu yuko humo, sasa amefungiwa.

Mchungaji amenikemea, anasema mtoto amebatizwa, basi. Ni kweli, alibatizwa, nilimshika mimi mwenyewe. Sijaacha kusali. Usiku na asubuhi napiga magoti. Ila nikianza kumwombea mjukuu wangu nasita, sijui nimwombee aliyelala hapa chini pembeni yangu, au yule mwingine. Naomba kwa wote wawili, na moyo haupati nafuu. Nimwite mume wangu? Nimejaribu. Hafumbui hata hilo jicho moja.

Kwa hiyo nakuonya. Unapohamia nyumba mpya, usiulize tu nani ameijenga, uliza nani alikuwa anakaa hapo na alitolewaje. Na penye mtoto mchanga, kitovu ukishike kwa mkono wako kabla hakijaguswa na ufagio wala mashine ya mtu, hata aliyeileta awe mumeo na anakuambia maneno yenye akili.

Mimi kusoma na kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la jioni, nikiwa na wajukuu wa wenzangu wanaonicheka dirishani. Haya nimeyaandika ili yatembee. Ukimaliza mpe mwenzako, na asiyejua kusoma msomee. Labda yatafika kwa huyo mama, popote walipo watu kama yeye. Kuna kitu alitaka kuniambia akanionea huruma. Mwambieni asinionee huruma tena. Aje aniambie huyu ninayemlea ni mtoto wa nani.