Ngamia Waliobaki Nje ya Safina

Mjukuu wangu amefungua kitabu kipya cha picha za safina ya Nuhu, na harufu ya wino imenirudisha darasani Garissa, enzi za vita vya serikali na waasi walioitwa shifta. Mwalimu wetu, mama wa kutoka bara, alituonyesha picha ya safina hiyo juu ya maji ya buluu, na ngamia wawili wanaotabasamu. Nani alishamwona ngamia akitabasamu? Nikatafuta shingoni mwao alama ya ukoo tuliyowachoma ngamia wetu, haikuwepo.

“Mwalimu, na ngamia wengine?”

“Walizama. Tazama upinde wa mvua!”

Wiki hiyo hiyo askari walikuwa wamewapiga risasi ngamia wetu wote, eti maziwa yao yanalisha shifta.

“Ngamia walikosa nini?”

“Kaa chini wewe, upake rangi.”

Nimekitazama cha mjukuu. Maji bado ni ya buluu, na hakuna hata mzoga mmoja unaoelea.