Habari Iliyozunguka Dilolo

Tangu tumzike mume wangu, jambo hili ndilo linalonirudia mara nyingi.

Miaka ya Zaïre alifanya kazi kwenye santrali ya simu ya kampuni ya madini, hapa Kolwezi. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu, waya mkononi, akiunganisha watu. Laini ya Likasi ikijaa, alimwomba mwenzake wa Fungurume apitishe huko. Mvua ikikata waya, alitafuta padri mwenye redio. Kungoja hakukuweza. Hata sokoni alinizungusha nyuma ya wauza chumvi, eti mbele kumejaa, na tulifika baada ya wengine. Nilimpenda hivyo hivyo.

Mama yake, aliyeishi nasi, alishikwa na malaria kali. Alitaka kitu kimoja tu: kumwona binti yake wa Mutshatsha, ambaye hakuwa amerudi tangu aolewe. Mume wangu alipiga simu stesheni ya huko, lakini laini ilishikwa na habari za mabehewa. Basi akapitia redio ya misioni hadi Dilolo, mbali zaidi, ili mtu aandike karatasi na kumpa dereva wa treni inayorudi kupitia Mutshatsha: Mama mgonjwa, njoo.

Treni ile iliharibika njiani. Huku homa ikashuka, mama akaomba sombe, mboga yake ya majani ya muhogo. Laini ilipofunguka, mume wangu alipiga moja kwa moja: Mama amepona, usisumbuke. Hiyo ilifika mchana uleule. Ile ya ugonjwa ilifika nyuma yake, karatasi imelowa mafuta, na wifi yangu akaelewa kwamba ugonjwa umerudi.

Alishuka Kolwezi analia, majirani wakamfuata wakilia naye. Tulikuwa uani, mama anakula bukari, ugali wetu wa huku.

Mume wangu akaanza kueleza njia zake mbili. Dada yake akamuuliza kama santrali nzima haina mtu wa kuandika ipi ya kwanza, ipi ya pili. Mama hakuwasikiliza. Alikuwa amemshika binti yake kwa mkono wenye bukari.

“Tata,” akamwambia mwanawe, “ile ya ugonjwa, utume na kwa ndugu yako wa Likasi.”

Alikataa, uongo hakuuweza. Alituma kwamba mama ni mzima, anataka kumwona. Laini ilikuwa wazi, na shemeji yangu hakuja.

Wifi alikaa nasi hadi mahindi yakakauka. Kila asubuhi niliwakuta kitanda kimoja, mama amelala, ameshika pindo la kitenge cha binti yake.