Goti Zima la Emil Sabol

Emil Sabol na Denny Kuzma walimaliza shule siku moja, katika mji wa chuma huko Pennsylvania ambako mtoto wa kiume huzaliwa akakuta kofia ya kiwandani inamngoja. Serikali ikawaita vitani Vietnam. Denny akaenda. Emil akapeleka barua ya daktari kwamba goti lake bovu, goti lile lile lililomshinda Denny mbio kila Jumapili. Denny aliporudi na kuanza kazi kiwandani, Emil alikuwa ameshamtangulia miaka miwili.

Kiwandani miaka ya kazi ndiyo ngao. Kazi ikipungua, mwenye miaka mingi humsukuma wa nyuma yake akakaa mahali pake, na aliyesukumwa huenda nyumbani. Ndiyo sheria ya chama cha wafanyakazi, hakuna anayeiita wizi. Mwaka 1984 sehemu ya Emil ikafungwa, akaambiwa achague: tanuri la makaa au kreni. Tanuri hukausha mapafu. Kwenye kreni yupo Denny. Emil akatia sahihi kuchukua kreni, akarudi nyumbani akala pirogi, zile sambusa za viazi za kuchemsha, sahani mbili.

Kilichomsuta ni santuri. Denny alikuwa amemwazima wiki ile, ya roki, yenye mwimbaji wa sauti ya kukwaruza anayeimba habari za wanaume waliozeekea kwenye moto wa chuma, na nchi iliyowaahidi makubwa kisha ikawapa kisogo. Baa nzima iligonga meza kwa kiitikio. Beti hawakuzijali. Emil alizisikia zote sebuleni, na kila ubeti ukamtazama usoni.

“Rudisha kitu cha watu,” mkewe Paulette akamwambia. “Au goti limeanza kuuma tena?”

Jumamosi akaenda. Denny alikuwa anapakia vyombo kwenye trela. Anahamia Houston kutafuta kazi. Emil akamkabidhi santuri, akasema alichokaa nacho miaka yote: goti lilikuwa zima.

“Hilo nalijua, bwana. Nani asiyejua?” Denny akajibu. “Ningekuwa na daktari ningefanya hivyo hivyo. Lakini tanuri lilikuwepo, Emil.”

Denny akainamia friji.

“Haya, shika friji upande huo. Taratibu, usije ukalemaa.”

Jumatatu Emil akapanda kreni. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma kwa miguu mirefu ya Denny. Kukivuta mbele ni kazi ya dakika moja. Hakukivuta. Alikikalia ukingoni, mgongo ukimwuma, hadi mwaka wa pili kiwanda kilipofungwa na kreni ikauzwa chuma chakavu.