Nyuma ya Jiko la Eulogia

Eulogia Ccahuana alizaliwa ndani ya magofu ya Huancapata, juu mlimani, ila yeye hakuwahi kuyaita magofu. Palikuwa kwao. Baba yake aliezeka nyasi juu ya kuta walizoziacha watu wa kale, mama yake akalima viazi kwenye matuta yao. Aliolewa huko huko mlimani. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alikufa kabla ya kubatizwa. Wakamzika nyuma ya jiko, upande unaopata jua la asubuhi, asije akaona baridi.

Kisha wakaja watu wa serikali, wakasema mlima ule ni urithi wa taifa. Familia zote zikateremshwa bondeni, mapaa yakang'olewa, uzio ukazungushwa. Mumewe hakulizoea bonde. Alikunywa mpaka pombe ikamzika. Eulogia akabaki langoni akiuza mikanda aliyoisuka, akiwatazama wageni wakipanda peke yao na ramani mkononi, wakifuata mishale iliyopakwa kwenye mawe.

Binti yake Yeny, aliyezaliwa bondeni, alikuja likizo kutoka mji mkuu, Lima.

"Mama, leo Jumapili, wenyeji tunaingia bure. Twende tukatembee."

"Nikatembee wapi, kwangu?"

"Acha hizo, mama. Tutafuata mishale kama wageni."

Wakapanda. Yeny alisoma kila kibao kwa sauti, mama akimfuata na makubadhi yake ya tairi. Walipofika kwenye chumba kisicho na paa, Yeny akasoma: "Ghala la nafaka la watawala. Ukuta wa nyuma umejengwa upya."

Eulogia akacheka kicheko kikavu. "Ghala! Hapa nilikuwa napika supu."

"Mama, punguza sauti, watu wanatuangalia."

"Wacha waangalie. Kaka yako yuko hapo nyuma."

"Kaka gani?"

 Mama aliinua kamba iliyowazuia wageni, akapita chini yake, akauzunguka ukuta. Nyuma hapakuwa na udongo tena. Palimwagwa kokoto, pakawekwa benchi la kupumzikia, na wageni wawili walikuwa wamekaa wanamenya machungwa.

Filimbi ikalia. Mlinzi akaja mbio: Nazario, mtoto wa jirani wa zamani, aliyekulia miguuni pa Eulogia.

"Shangazi, toka huko! Unataka nifukuzwe kazi?"

"Nazario, mlipochimba hapa mlikuta nini?"

Nazario akavua kofia, akaivaa tena. "Mifupa midogo, shangazi. Wakaitia kwenye sanduku, wakaipeleka makumbusho. Walisema ni ya kale."

"Ulikuwepo?"

"Mimi ndiye niliyeshika koleo."

"Na ulijua ni ya nani."

"Nilijua." Akatazama kokoto. "Ndiyo kwanza nilikuwa nimepata kibarua, shangazi. Ningesema nini?"

"Ungesema jina la mama yake."

Yeny alikuwa amesimama upande wa pili wa kamba, mkono mdomoni. Wageni wale walikusanya maganda yao, wakatabasamu kwa adabu, wakaendelea na mshale.

Kesho yake mama na binti walikwenda makumbusho. Ofisa aliwasikiliza kwa upole, kisha akaomba cheti cha mtoto. Mtoto ambaye hata jina hakupewa, cheti angekitoa wapi? Yeny alipiga meza, akalia, akatishia kwenda mahakamani. Ofisa akasema pole. Wiki hiyo hiyo likizo ikaisha, Yeny akapanda basi kurudi Lima. Simu zake za mwanzo zilikuwa za hasira, baadaye zikawa za salamu tu.

Eulogia bado yuko langoni na mikanda yake. Mgeni akimuuliza njia, humwonyesha mshale kwa kidevu, basi. Nazario akipita, humgeuzia mgongo. Baada ya mavuno Nazario alimletea gunia la mahindi nyumbani, akalitua mlangoni, akangoja. Eulogia alilifungua, akaliburuta hadi bandani, akawamwagia nguruwe lote, Nazario akitazama.

"Nenda sasa," akamwambia. "Utachelewa kazini."