Mbu wa Chumba Namba Sita

Wagonjwa wanamwita Mbu, na mwenyewe anaitikia. Kazi yake ni kutoa damu ya watu walio kwenye utafiti, katika hospitali kubwa wanakosomea madaktari. Alianza kwa kupiga deki korido. Muuguzi mmoja akaona watoto waliokuwa wakipiga mayowe wananyamaza akipita na ndoo yake, akampeleka kufundishwa kazi ya sindano. Sasa ana miaka thelathini na moja chumba namba sita.

Mimi si mtu wa kumsifia mwanamume. Wangu alinifukuza tulipomzika mtoto wa pili. Mama yake alisimama mlangoni akasema damu yangu ndiyo inayoua. Sikusoma, nikamwamini. Nikambeba binti yangu aliyebaki, naye ana selimundu, ugonjwa wa damu, kama ndugu zake waliokufa, nikaondoka. Ni Mbu aliyeniambia, siku ya kwanza, kwamba ugonjwa huu mtoto huurithi kwa baba na mama, wote wawili. Alisema huku akibandika karatasi kwenye chupa, kama mtu anayesema kesho kutanyesha. Nilikaa kwenye benchi mpaka wakaniuliza kama naumwa.

Dawa ya utafiti ilimpunguzia binti yangu maumivu, akarudi shule. Lakini dawa hiyo bila kipimo inaweza kudhuru, kwa hiyo damu hupimwa kila mwezi. Ukikosa miezi miwili mfululizo, unatolewa. Mwezi uliopita Mbu alikuwa likizo, na mshipa haukupatikana.

Mwezi huu tulikuta madaktari wanafunzi wawili. Wa kwanza akamfunga mpira mkononi, akapigapiga ngozi, akachoma. Patupu. Wa pili akachoma mara mbili. Binti yangu aliuma pindo la mtandio wake, machozi yanamtoka kimyakimya. Daktari wa utafiti akatazama saa.

"Mama, maabara wanafunga dirisha saa nne. Leo ikishindikana, unajua."

"Najua," nikasema.

Ndipo Mbu akaingia, anafuta miwani.

"Nani kamkaba mjukuu wangu hivi?" Akaufungua ule mpira. "Mshipa ukifokewa unajificha. Hata wewe dokta ungejificha."

Akajaza maji ya uvuguvugu kwenye glavu, akaifunga fundo, akamshikisha mtoto kiganjani. Kisha akavuta kiti, akakaa. Akakaa tu! Wanafunzi wakatazamana.

"Babu Mbu, leo umekula?" binti yangu akauliza.

"Sijala. Ndiyo maana nimekufuata."

Akacheka, mtoto wangu, mikono ina plasta tatu. Mbu akafumba macho, akapitisha kidole kimoja juu ya mkono ule mwembamba, taratibu, kama anasikiliza kitu ukutani. Kidole kikatua karibu na kidole gumba cha mtoto. "Huyu hapa. Kalala."

Sikuiona sindano ikiingia. Niliona damu tu, nyekundu nzito, ikipanda kwenye kichupa bila haraka. Damu ileile niliyotukaniwa. Hata daktari aliacha kutazama saa.

Mbu alikipeleka kichupa mwenyewe, nami nyuma yake karibu nikimbie. Zilibaki dakika sita. Karani akakipokea, akaandika namba, akagonga muhuri kwenye kadi: mwezi mwingine wa dawa. Niliishika kadi ile kwa mikono miwili.

Tuliporudi, Mbu aliwaita wanafunzi. "Fumbeni macho. Tafuteni kwenye mkono wa pili, bila sindano."

Wakafumba, watu wazima na makoti yao meupe, wakapapasa mkono wa mtoto ambaye ukoo wa baba yake ulishamhesabu na wafu. Naye akawa anawaelekeza.

"Hapo hamna, dokta. Panda juu kidogo. Usibonyeze. Haya, subiri."