Kompyuta ya Gari la Mama na Ufunguo wa Muyinga

Siku yangu ya kwanza kazini niliua gari la mama. Betri ilikuwa imetolewa kuchajiwa. Mi nilitaka muziki tu, nikairudisha kinyume, waya ya kujumlisha ikakaa kwenye kutoa. Redio haikulia. Kilichofuata ni harufu ya plastiki. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi, wadogo zangu, na mketi vizuri, maana anayesema ni mstaafu mwenye miaka kumi na saba.

Mama alikuwa Bujumbura kuchukua vitenge. Angerudi kesho yake jioni, na keshokutwa ni soko la Makebuko. Gari hilo ndilo duka lake.

Mkurugenzi wangu wa Gitega alikuwa Mjomba Hamisi, mwenye gereji hapa mtaani kwetu Nyamugari. Alibadilisha fyuzi, akawasha. Stata ikazungusha, injini ikakataa.

"We mtoto, umechoma kalkilateri." Ndiyo kompyuta ya injini: inaamua petroli iingie lini, cheche ipige lini. "Mama yako ni dada yangu, namjua. Akiuliza, mi sikuwepo."

Ya kubadilisha haiokotwi tu. Namba ya kwenye kibandiko lazima ilingane yote, mpaka herufi ya mwisho; kufanana kwa magari hakutoshi. Mjomba akapiga simu huku na huku, namba ikapatikana Muyinga, kwenye gari lililogongwa nyuma. Alfajiri nikahamishiwa huko.

Mkuu wa kituo cha Muyinga alikuwa mzee mnene, muuza vipuri vya magari mabovu, aliyekalia kiti cha gari kisicho na gari. Nikampa simu yangu iwe malipo, akanipa kompyuta, nikageuka mbio.

"We! Na ufunguo?"

"Wa kwetu iko, mzee."

"Wa kwenu haijui hii. Kompyuta hii inajua chipu ya ufunguo wake tu. Utafika Gitega, gari itakuangalia kama mgeni. Kamata zote mbili!"

Mchana Mjomba alichomoa betri kwanza, akinitazama sana, akafunga kompyuta. Kisha akapasua ufunguo wa Muyinga, akatoa chipu ndogo kama punje ya mchele, akaihamishia kwenye ufunguo wetu wa akiba. Injini ikanguruma. Nikacheza mpaka majirani wakatoka.

Ila ufunguo mwingine alikuwa nao mama, mkobani.

Alifika jioni, akapakia vitenge, akazungusha ufunguo wake. Stata ikalia, injini kimya. Akarudia. Kimya.

"Mama, jaribu huu." Nikatoa wa akiba mfukoni. Gari likawaka palepale.

Mama akaangalia funguo mbili, akaniangalia mimi.

"Simu yako iko wapi?"

Hapo nikasema yote, hata ambayo hakuuliza. Na hapo nikastaafu. Ninachowaachia ni hiki: linganisha namba, chukua kompyuta na ufunguo wake, na kabla hujacheza, uliza funguo nyingine ziko kwa nani.

Mama alizima injini, akasema hivi, neno kwa neno:

"Huu wa gari nakaa nao. Lete na wa nyumba."