Muuza skrini wa Nakuru aliyeficha macho yake

Saa tatu asubuhi, Elkana Masinde anawasha skrini kumi na moja, moja baada ya nyingine, katika duka la kompyuta lililo ghorofa ya kwanza ya jengo moja katikati ya mji wa Nakuru. Anazipangusa kwa kitambaa kikavu. Kisha anavua miwani, anaipangusa pia, na kuirudisha kwa mikono miwili kama mtu ambaye bado hajaizoea.

Mteja wa kwanza ni Karanja, kijana anayelipwa kuandika kwenye kompyuta maneno ya rekodi za sauti. Jioni, kompyuta hiyo hiyo huichezea gemu ya mpira.

"Niaje, boss. Nataka ile ya 4K," anasema.

"Poa. Kompyuta yako ina kadi gani ya picha?"

Karanja anaitaja. Masinde anatikisa kichwa polepole. Anamweleza kwamba 4K ina vinukta vingi sana, kwa hivyo maandishi yatakuwa makali na macho hayatachoka. Lakini kadi yake ni ndogo. Akiingia kwenye gemu, mpira utaanza kukwamakwama. Huenda ile ya katikati, ya 2K, ikamfaa kwa kazi zote mbili.

Anaziweka skrini mbili bega kwa bega, anafungua ukurasa mmoja kwenye zote, halafu anarudi nyuma.

"Sasa angalia mwenyewe. Kaa hata dakika kumi. Usiniulize mimi naona nini."

Mwaka mmoja uliopita asingesema hivyo. Kwa miaka tisa, mwanamume huyu wa miaka 43 aliuza skrini ambazo hakuweza kuona tofauti yake.

"Nilikuwa nasoma boksi, tena nyumbani, pole pole, chini ya taa," anasema. "Nashika kila kitu kwa kichwa. Mteja akija, namwimbia. Watu walisema Masinde anajua skrini kuliko wote hapa mjini. Hiyo sifa ilikuwa inaniuma."

Alizaliwa Nakuru, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, wazazi wake wakiwa wametoka Bungoma. Baba yake aliendesha treni hadi siku alipopimwa macho na kuonekana hayafai. Hakufutwa. Alipewa ufagio, akawa anafagia karakana ile ile aliyokuwa akiingia na kofia ya dereva.

"Wenzake walimwita dereva wa ufagio. Nilikuwa na miaka tisa. Siku moja nilipita hapo na wenzangu wa shule, nikamwona, na sikumsalimia," anasema Masinde. "Yeye aliniona. Hakuniambia kitu."

Wakati huo, yeye mwenyewe alikuwa haoni ubaoni. Alinakili kutoka kwa daftari la aliyeketi naye, na mwalimu alipomuuliza, alijibu kwa kukumbuka kilichosemwa. Hakumwambia mtu. Kichwani mwake, mtu asiyeona vizuri alikuwa mtu wa ufagio.

Alifanya vibarua vingi kabla ya kuajiriwa dukani. Mshahara wa shilingi 28,000 umewasomesha watoto wake wawili na kulipa kodi ya nyumba yao huko Kaptembwo. Hakuwa tayari kuuhatarisha.

Kisha akaja Chepkemei.

Chepkemei anaishi Kihoto, Naivasha, na kazi yake ni kuchora ramani za nyumba. Akimaliza kazi hupenda kucheza gemu za mashindano ya magari. Alitaka skrini moja ya kufanya yote mawili, na alikuwa ameweka akiba ya shilingi 45,000. Masinde alimwonyesha mbili, zote za inchi 27. Moja ilikuwa 4K. Nyingine ilikuwa Full HD ya kawaida, yenye vinukta vichache, bei yake karibu nusu, iliyosifiwa kwa kasi yake kwenye gemu.

"Nilimuuliza swali moja tu," Chepkemei anakumbuka. "Nikamwambia, mimi nasoma vipimo vidogo siku nzima. Kwa macho yako, hizi mbili zina tofauti? Akasema ameziangalia sana, ziko sawa, nisitupe pesa."

Masinde habishi. "Kwangu zilikuwa sawa kabisa. Zote zilikuwa na ukungu. Nilidhani hata namsaidia. Lakini kusema nimeziangalia, huo ulikuwa uongo."

Miezi miwili baadaye, Chepkemei alikuwa akinakili vipimo kutoka kwa ramani ya zamani ya mteja wake. Kwenye skrini ile ya bei nafuu aliyonunua, tarakimu ndogo zilikuwa zimevimba na kushikana. Palipoandikwa milango ya sentimita 83, yeye alisoma 88. Fundi alichomelea fremu kumi na mbili za chuma kabla ya mtu kugundua. Mteja akampa mchoraji mwingine kazi iliyobaki.

"Ningekuza picha, ndiyo. Hilo ni kosa langu," anasema Chepkemei. "Lakini nilikuwa nimeambiwa na mtu anayejua skrini kwamba hapo naona kila kitu."

Alirudi Nakuru Jumamosi moja, duka likiwa na wateja wanne au watano. Hakupaza sauti. Alimwita Masinde mbele ya skrini ya 4K iliyokuwa ukutani, akamwonyesha mstari wa maandishi madogo chini.

"Nisomee hapo."

Kwa miezi mingi, skrini hiyo ilikuwa ikionyesha tangazo la kampuni iliyoitengeneza. Masinde alilijua tangazo hilo kama anavyojua jina lake. Akasimama wima na kuanza, "Rangi bilioni moja, mwangaza usioumiza macho, picha safi kwa kazi na burudani..."

Hakujua kwamba asubuhi hiyo mwenye duka, Thuo, alikuwa ameliondoa tangazo na kuweka ukurasa wa gazeti ili wateja waone ukali wa herufi.

Chepkemei aliangalia skrini, akamwangalia yeye.

"Hapa wameandika habari ya viazi," akasema.

Kijana mmoja alicheka, kisha akaacha. Masinde anasema hakusikia kingine chochote. Alikiweka kitambaa mezani, akashuka ngazi, akatembea kwa miguu hadi Kaptembwo.

Mkewe Trizah, muuza mboga, alimkuta amekaa kitandani na viatu miguuni. Masinde alipomaliza kumweleza, Trizah naye akamwambia jambo ambalo hakulitarajia.

"Nilimwambia, baba Shantel, mimi najua kutoka mwaka ule tulioana," anasema Trizah. "Ujumbe ukiingia kwa simu, ananiambia mikono yake ina maji, nimsomee. Mikono haina maji. Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe. Labda nilingoja sana."

Jumatatu Masinde alikwenda dukani akiwa ameandika barua ya kuacha kazi. Thuo aliisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Ungeniambia, ningekutafutia daktari tangu mwaka wa kwanza," Thuo alimwambia. "Nenda upimwe. Ukirudi tutaongea."

Mpimaji wa macho hakuchukua hata nusu saa. Macho yote mawili yalikuwa na kasoro inayorekebishwa kwa miwani, na huenda yalikuwa hivyo tangu utotoni. Miwani iligharimu shilingi 7,500.

Watu wengi humuuliza kama alifurahi alipoivaa. Jibu lake huwashangaza.

"Nilirudi dukani, nikawasha skrini mbili za aina zile nilizomwonyesha Chepkemei. Kwa moja, herufi zilikuwa na ncha kama zimekatwa na wembe. Kwa nyingine, unaona kabisa vinukta. Hata mtoto angeona. Nikaingia stoo nikafunga mlango. Kabla ya hapo nilikuwa na aibu ya kutoona. Hapo sasa nikaanza kuona aibu ya watu wote niliowauzia."

Alipotoka stoo, aliomba kitabu cha waranti, ambacho huwa na majina na namba za simu. Alitoa majina ya wateja waliokuwa wamemwambia wazi kwamba wanafanya kazi ya maandishi, picha au michoro. Walikuwa 46. Akaanza kuwapigia, wawili au watatu kila siku wakati wa chakula cha mchana.

Wengi walisema skrini zao ziko sawa. Baadhi walicheka. Mmoja, mwalimu aliyestaafu, alimwambia asimpigie tena. Thuo alikubali kubadilisha tisa, na zile zilizorudishwa zikauzwa kwa bei ya hasara.

Kwa Chepkemei hakupiga simu. Alikwenda Kihoto mwenyewe, akiwa amebeba boksi la 4K. Barabara ya kuingia ilikuwa imejaa maji ya ziwa lililofurika, kwa hivyo aliliweka begani na kuvuka.

"Nilikuwa nimepanga maneno njia yote," anasema. "Nilipofika nikasema tu, mimi sikuwa naona, na nilikudanganya."

Chepkemei aliiunganisha skrini, akafungua ramani, akaiangalia kwa muda mrefu. Kisha akamwambia, "Skrini nimepokea. Hayo mengine nipe muda."

Hakumkaribisha chai, na Masinde anasema hakutarajia chai. Aliondoka na ile ya zamani begani. Tangu siku hiyo Chepkemei hajampigia, ila mwezi uliopita mchoraji mwingine kutoka Naivasha alikuja dukani na kusema ametumwa na yeye. Masinde hakumuuliza zaidi.

Nyumbani, jambo jingine lilimsubiri. Binti yake Shantel, aliye darasa la sita, alimwona na miwani, akamuuliza kwa sauti ndogo kama inaumiza. Masinde alimuuliza kwa nini. Mtoto akainamisha kichwa.

"Alikuwa ananakili kwa daftari la rafiki yake," Masinde anasema. "Hakuna mtu alimfundisha. Au labda mimi ndiye nilimfundisha." Shantel alipimwa wiki hiyo hiyo, na sasa anavaa yake.

Katika orodha ya 46, wamebaki saba ambao namba zao hazipatikani tena. Mmoja ni mzee aliyefungua chumba cha kuchezea gemu kwa madereva wa malori wanaolala Mai Mahiu. Aliuliza kama skrini aliyochagua itamfaa pia kwa kuandika risiti na barua, kwa sababu macho yake yalikuwa yanaanza kuchoka. Masinde alimwambia itamfaa.

Jumapili ijayo ni siku yake ya mapumziko. Atashuka Mai Mahiu, aulize kibanda kwa kibanda. Thuo amemruhusu kubeba skrini moja nzuri, na Trizah amesema atamsindikiza.

"Sijui kama bado ana ile biashara. Sijui kama atanikumbuka," anasema. "Lakini nikimpata, sitangoja aniulize. Nitamwambia mimi kwanza, hata kama kuna watu wamekaa hapo wanasikia."